Mshale Shingoni mwa Korongo



Mvua za vuli zinapoanza, watu wakaao bara, katika mbuga za Kenya na Tanzania, huona makundi ya ndege warefu weupe, wenye weusi katika mbawa, na midomo na miguu myekundu. Hao ndio korongo weupe. Hutembea majanini taratibu, kama wazee wakaguao shamba, wakiokota nzige, panzi na viwavi. Ifikapo Machi au Aprili hujikusanya, huzunguka juu angani pasipo kupiga mbawa, na baada ya siku chache hatuwaoni tena. Mbayuwayu nao, wale wenye koo la rangi ya matofali na mkia wa panda, huja na kuondoka vivyo hivyo. Lakini tuangalie tusikosee, maana wako mbayuwayu wengine wajengao kwa udongo chini ya mapaa yetu, nao ni wenyeji. Mgeni tumsemaye hajengi kwetu hata siku moja.

Kiota chake kiko mbali, katika nchi za baridi. Huko Ulaya mbayuwayu hujenga ndani ya mabanda ya ng'ombe, na korongo hujenga juu ya mapaa ya nyumba na minara. Watu wa huko waliwapenda ndege hao, wakangojea kuja kwao kama tungojeavyo mvua; na kila mwaka, mwisho wa miezi yao ya joto, waliwaona wakitoweka. Wakaulizana, Wamekwenda wapi? Swali hilo lilikaa zaidi ya miaka 2,000 bila kupata jibu la hakika, na jibu lilipopatikana lilitoka Afrika.

Aristotle, mwanachuoni mkuu wa Wayunani, aliyeishi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alijua ya kuwa ndege wengine husafiri. Lakini habari za korongo na mbayuwayu zilimshinda. Aliandika kwamba korongo hujificha, na kwamba mbayuwayu wameonekana mashimoni hali wamenyonyoka manyoya. Kwa kuwa heshima yake ilikuwa kubwa, neno lake likashikwa vizazi kwa vizazi. Mwaka 1555 askofu mmoja wa Sweden, jina lake Olaus Magnus, alitoa kitabu chenye picha ya wavuvi wakivuta wavu uliojaa samaki na mbayuwayu pamoja, akasema ndege hao hulala chini ya maji wakati wa baridi. Na katika karne ya 17 Mwingereza Charles Morton alifikiri kwamba ndege huenda mwezini!

Mzee wa pwani angalisikia maneno hayo angalicheka. Yeye alizoea kuona majahazi ya Arabuni yakija na kaskazi na kurudi na kusi, wala hakuna aliyedhani kwamba jahazi lisiloonekana bandarini limelala chini ya bahari. Hata hivyo tusiwacheke mno. Mbayuwayu wakaribiapo kusafiri, hushuka jioni maelfu kwa maelfu kulala katika matete ya ziwani. Na siku moja asubuhi hawapo. Mtu aliyeona jioni wakiingia matetini, na baada ya hapo asiwaone tena, aliona kweli alichokiona. Kosa lake lilikuwa katika kukijaza kile asichokiona.

Tena yuko mtu mmoja ambaye twamheshimu sana katika habari hizi, naye ni Gilbert White, kasisi wa kijiji cha Selborne katika Uingereza. Hakuwa msafiri. Aliwatazama ndege katika bustani yake na mashamba ya jirani, mwaka baada ya mwaka, akiandika siku alipomwona mbayuwayu wa kwanza na siku alipomwona wa mwisho. Kitabu chake kilitolewa mwaka 1789, nacho kingali kikisomwa. Ndugu yake alikuwa kasisi huko Gibraltar, penye mlango wa bahari ulio mwembamba kati ya Ulaya na Afrika, naye alimpasha habari kwamba ndege wa jamii ya mbayuwayu huvuka pale wengi mno, wakienda kusini au kaskazini kwa majira yao. Basi hapo jibu lilikuwa mkononi mwake. Lakini White aliwaona mbayuwayu wachache wakiwa wamechelewa sana kuondoka, hata akabaki na shaka kwamba labda wengine hulala mafichoni. Aliitangaza shaka yake waziwazi, wala hakujifanya ajua. Hiyo ndiyo sababu ya heshima yetu kwake.

Ikawa tarehe 21 Mei, 1822, karibu na mji wa Klütz katika Ujerumani ya kaskazini, korongo akapigwa bunduki. Walipomwokota waliona ajabu: mshale mrefu, kadiri ya sentimita 80, umepenya shingo yake na kukaa humo. Mti wa mshale ule haukuwa wa Ulaya. Ulikuwa wa Afrika. Yaani mwindaji fulani wa bara letu alimpiga korongo yule, asife. Naye akaruka na mshale wake shingoni, akapita majangwa na milima mpaka akafika kwao, na huko kwao ndiko alikouawa. Baadaye walionekana korongo wengine wa namna hiyo, hata wakahesabiwa 25 hivi katika Ujerumani, wakapewa jina la Korongo wa Mshale.

Twamfikiria yule mwindaji. Kijijini kwake kila mtoto alijua korongo huja lini na huondoka lini, na ya kuwa hatagi mayai huko. Ni nusu nzima ya jibu lililotafutwa na wanavyuoni. Hakuna aliyemwuliza, na jina lake halijulikani. Ila mshale wake ulisema.

Lakini mshale ni bahati tu. Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa mji wa Viborg katika Denmark, Hans Mortensen, alitengeneza pete nyepesi za alumini, akapiga juu yake namba na jina la mji, akawavisha kwezi miguuni na kuwaachia. Tangu hapo ndege aliweza kuchukua barua yake mwenyewe. Korongo aliyevishwa pete Hungaria mwaka 1908 alipatikana Natal, katika Afrika ya Kusini, mwaka 1909. Mbayuwayu aliyevishwa pete Staffordshire katika Uingereza, mwezi wa Mei 1911, alikamatwa ndani ya nyumba ya shamba huko huko Natal, mwezi wa Desemba 1912. Kwa barua ile moja, maneno ya wavu na matope yakaisha.

Pete zilizorudishwa zilionyesha pia njia. Korongo ni mzito, naye huruka kwa kubebwa na hewa ya moto ipandayo kutoka ardhini mchana. Juu ya bahari hewa hiyo hakuna, kwa hiyo huizunguka bahari ya kati: wengine hupita Gibraltar, na wengine, ambao ndio wageni wetu, hupita Uturuki, Shamu na Sinai, kisha huufuata mto Naili mpaka kufika kwetu.

Wako leo korongo wachukuao vyombo vidogo mgongoni, vitoavyo habari ya mahali walipo. Lakini pete hazijaachwa. Mtu akiokota ndege aliyekufa mwenye pete, na aandike namba yote na maneno yote yaliyo juu yake, pamoja na siku na mahali, akaipeleke habari hiyo kwa anwani iliyoandikwa humo. Ndege akiwa hai, namba isomwe tu, kisha aachiwe na pete yake.

Korongo yule wa mwaka 1822 alikaushwa, naye angali katika Chuo Kikuu cha Rostock, na mshale ungali shingoni mwake.