Mistari Miwili ya Git

Hufika siku mtumiaji wa Git akaandika git pull, akajibiwa kwamba tawi lake halifuati tawi lolote. Kazi ipo, seva ipo, mtandao upo. Kilichokatika ni uhusiano. Ni rahisi kuulaumu mkono ulioandika amri, lakini chanzo ni cha zamani zaidi: Git ilibuniwa kwa watu wasio na makao makuu, kisha ikachukuliwa na watu wanaoyahitaji. Aprili 2005, wasanidi wa Linux walipokwisha kupoteza leseni ya bure ya BitKeeper, mfumo waliotunzia matoleo ya msimbo, Linus Torvalds aliiandika ili avute mabadiliko kutoka kwa wasimamizi wengi, kila mmoja na hazina yake kamili. Kwake, swali la tawi lipi linafuata lipi halikuwa na uzito, maana jibu lilibadilika kila alipovuta. CVS na Subversion, mifumo iliyotangulia, nazo hazikulijua swali hilo, ila kwa sababu tofauti: seva ilikuwa moja tu.

Mwanzoni matawi yako na ya mwenzako yalichanganyika. Ukinakili hazina, master ya mbali iliingia kwako kama tawi la kawaida liitwalo origin, na matawi mengine yakajipanga katikati ya yako kana kwamba umeyaanzisha wewe. Toleo la 1.5.0 la Februari 2007, chini ya msimamizi wa Git, Junio Hamano, likaweka mpaka: kumbukumbu za mbali zikakaa refs/remotes, matawi yako yakabaki refs/heads. Kilichoyaunganisha ni mistari miwili katika .git/config, mmoja wa remote, mwingine wa merge. Basi ufuatiaji ni maandishi tu, si sehemu ya tawi lenyewe. Hupitwa na wakati jina la mbali likibadilika, na huandikwa upya bila commit hata moja kuguswa. Chombo cha kuandikia ndicho kilichosumbua. Amri ya git branch --set-upstream ya mwaka 2010, ukiipa origin/master peke yake, ilikuundia tawi jipya la ndani lenye jina hilohilo (fundi aliyekuja kuziba tundu akatoboa la pili). Toleo la 1.8.0 la 2012 likaleta --set-upstream-to, na ile ya awali ikaondolewa 2017.

Atauliza mtu: kwa nini Git isiunganishe tu kwa majina, hasa baada ya GitHub, tangu 2008, kuwarudisha wengi kwenye seva moja? Kwa upande wa kusukuma, ilijaribu. Kwa miaka mingi git push bila maelezo ilisukuma kila tawi lenye jina lake upande wa pili, hata lile ulilolisahau kwa miezi; ukiongeza --force, kazi ya mwenzako iliweza kufutwa pale. Git 2.0 ya Mei 2014 ikaacha desturi hiyo, ikasukuma tawi ulilomo peke yake, tena ikakataa pale jina linapotofautiana na linalofuatwa. Isitoshe, mwenye nakala yake na hazina ya asili ana remote mbili zenye main zote mbili, na jina haliwezi kumchagulia. Ndiyo maana hata push.autoSetupRemote, iliyokuja na 2.37 mwaka 2022 ili tawi jipya liunganishwe lenyewe linaposukumwa, hubaki imezimwa mpaka mwenyewe aiwashe.