Kutoka Malangali hadi Umahiri: Karibu Miaka Mia ya Mbinu Mpya za Kufundisha Ubena

Mwaka 1928 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilifungua shule Malangali, upande wa Mufindi, si mbali na pale Makambako ambapo leo magari ya Songea na ya Mbeya yanaachana. Mkuu wa shule, W. Bryant Mumford, alifanya jambo ambalo hata sasa lingewashangaza maofisa elimu wengi: alitaka watawala wa Wahehe, Wabena na Wasangu wampatie wazee wa kukaa shuleni. Wazee hao hawakuja kupika wala kulinda geti. Walikuja kufundisha. Waliwasimulia wavulana historia za makabila yao, wakasimamia ngoma na mashindano ya kurusha mikuki, na walisikilizwa katika mambo ya nidhamu. Kusoma, kuandika na hesabu vilikuwepo pia, lakini Mumford aliamini kwamba mtoto hushika jambo jipya pale linapojengwa juu ya jambo analolijua tayari. Mwaka 1930 aliieleza shule yake katika jarida la kitaaluma la London, na jina la Malangali likasomwa na watu ambao hawakujua hata Nyanda hizi za Juu Kusini ziko upande gani wa Afrika.

Leo mkufunzi wa chuo cha ualimu anapowaambia wanachuo waanze somo kwa maarifa ambayo mwanafunzi anayo, anarudia wazo lililofanyiwa kazi hapa hapa karibu miaka mia iliyopita. Kwa hiyo namwomba msomaji aniruhusu nikae kidogo na Malangali, kwa sababu mengi yaliyofuata Njombe, kwa Wabena, yamo ndani yake.

Kwa Wabena wa Mdandu, ambako ukoo wa Mbeyela ulikuwa na makao yake ya utawala, shule haikuwa jambo geni wakati Malangali inafunguliwa. Wamisionari wa Berlin walikuwa wameweka kituo Kidugala tangu 1898, wakafundisha hapo vijana ambao baadaye walitumwa vijijini kuwa walimu. Uhusiano haukuwa wa amani siku zote: Septemba 1905, wakati wa vita vya Majimaji, watu wa Mbeyela walishambulia kituo cha misheni cha Yakobi. Hata hivyo baada ya vita shule za misheni zilirudi na kuongezeka. Humo watoto waliimba, walikariri maandiko na kusoma kwa pamoja kwa sauti. Wapo wanaodharau njia hiyo siku hizi. Mimi siidharau. Mahali ambapo kitabu kilikuwa kimoja, sauti ya darasa zima ndiyo iliyokuwa kitabu cha kila mtoto.

Tatizo lilikuwa kwamba njia hiyo ilikaa mbali na namna mtoto wa Kibena alivyokuwa akijifunza nyumbani. Nyumbani alijifunza kwa kufuatana na mtu. Alikwenda shamba na mama yake akashika jembe, alikwenda na kaka zake kuchunga, alikaa na bibi akisikia hadithi, na akikosea alisahihishwa palepale huku kazi ikiendelea. Tume ya Phelps-Stokes, iliyopita Afrika Mashariki mwaka 1924 ikiwa na James Aggrey wa Gold Coast miongoni mwa wajumbe wake, iliona umbali huo na kushauri elimu ifuate mazingira ya watu: kilimo, afya, ufundi, maisha ya kijiji. Malangali ilizaliwa katika hewa ya ushauri huo.

Mbona basi haikudumu? Mumford aliondoka mwanzoni mwa miaka ya 1930, na taratibu shule ikawa kama shule nyingine za serikali. Kuondoka kwake ni sababu moja tu. Sababu kubwa ilikuwa kwa wazazi na kwa vijana wenyewe. Kijana wa Njombe wa wakati ule alikuwa na njia chache za kupata fedha ya kodi, na iliyojulikana zaidi ilikuwa kwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge. Shule ilikuwa njia ya kuikwepa katani: ukarani, ualimu, utabibu. Kazi hizo zilitolewa kwa aliyejua kuandika barua na kupiga hesabu, na hakuna ofisi iliyomuuliza kijana anarushaje mkuki. Vilevile watu walihisi, na nadhani walihisi vizuri, kwamba elimu ya kufuata mila iliyopangwa na Mwingereza inaweza kuwa namna ya kumwambia Mwafrika abaki alipo.

Ninavyoisoma historia hii, kila mbinu mpya iliyofika nyanda hizi ilikutana na swali hilo la mzazi: mtoto wangu atapimwa kwa kitu gani mwishoni? Mbinu ikijibu vingine na kipimo vingine, mzazi hufuata kipimo. Mwalimu naye hufuata, hata kama moyoni anaipenda mbinu.

Katika miaka ya 1950 zilikuja shule za kati, darasa la tano hadi la nane, zenye mashamba na mifugo, na wazazi wengi walizilalamikia kwa hoja ile ile ya Malangali. Sitakaa hapo. Nataka kumtaja mwanafunzi mmoja wa kizazi kilichofuata, kwa sababu kisa chake kinaonyesha darasani kulikuwaje.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa sekondari ya Magamba, mkoani Tanga, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Aliingiza mchanganyiko wake kwenye friza ukiwa bado wa moto, nao ukaganda kabla ya ule uliokuwa umepozwa. Alipomuuliza mwalimu wake wa fizikia, alijibiwa kwamba amechanganyikiwa, na baadaye darasa likawa linamcheka. Akiwa Mkwawa, Iringa, alipopanda kuendelea na masomo, alikuja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne. Mpemba akasimama na kuuliza swali lile lile mbele ya wote. Osborne hakumcheka. Alirudi chuoni, akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Jina la Mpemba sasa limo katika vitabu vya fizikia duniani. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu jambo lenyewe, lakini kwa mwalimu jambo kubwa liko kwingine: kijana yule alijifunza kwa mikono na macho, kisha akatafuta maelezo, na shule ilikuwa imepangwa kutoa maelezo kwanza na kuuliza maswali baadaye, tena kwa mtihani.

Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Alisema wazi kwamba ni asilimia 13 hivi tu ya waliomaliza shule ya msingi waliopata nafasi ya sekondari, na kwa hiyo ni kosa kuwafundisha wote kana kwamba wote wanakwenda huko. Alitaka shule ziwe na mashamba, wanafunzi wapange kazi na kuamua wenyewe, na mtihani upunguziwe ukubwa. Azimio la Musoma la 1974 lilikwenda mbele zaidi: kuanzia 1976 matokeo ya sekondari yalihesabu pia maendeleo ya mwanafunzi ya kila siku, na kazi na mwenendo vikaangaliwa. Kwangu mimi hilo ndilo jaribio la ujasiri kuliko yote katika historia hii, kwa kuwa liligusa kipimo chenyewe.

Lakini shambani mambo yaligeuka. Waliosoma miaka hiyo wanajua: katika shule nyingi shamba la shule lilikuwa mahali pa jembe na adhabu. Mtoto aliyechelewa namba alipewa tuta. Hakuna aliyemwuliza kwa nini mahindi ya upande huu yamekuwa ya manjano na ya upande ule ya kijani, na hapo ndipo somo la sayansi lilipokuwa limelala. Mtihani wa darasa la saba nao ukabaki mlango mwembamba kama ulivyokuwa.

Wakati huohuo, nje ya kuta za shule, watu wazima walikuwa wakijifunza kwa namna iliyofanikiwa kweli. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 nchi nzima katika vikundi. Kikundi kilisikiliza kipindi, kiongozi akasoma kijitabu kwa ajili ya wasiojua kusoma, watu wakajadili, kisha wakakubaliana la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani kuzunguka nyumba, kuchemsha maji. Hapo zilikutana njia zote ambazo wataalamu wa leo huziorodhesha: kusikia, kuona picha, kuongea, kutenda. Na hapakuwa na mtihani wa kuchuja mtu. Aliyefaulu alionekana kwa choo chake. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa kuanzia 1975 kwa kufuata mfano wa Skandinavia, vilirithi roho hiyo, na Njombe ilipata chuo chake.

Shule za msingi zilikuwa na mzigo mwingine. Elimu ya msingi kwa wote (UPE) ilipotekelezwa mwaka 1977, madarasa yalijaa na makumi ya maelfu ya walimu waliandaliwa wakiwa kazini vijijini, kwa masomo ya redio, posta na vikao vya mwisho wa juma. Watu huwasema vibaya walimu wa UPE. Naona si haki. Walipewa darasa la watoto wengi, ubao na chaki, nao wakafundisha kwa kile walichopewa: mwalimu anaandika, watoto wananakili. Ukiwa na watoto wengi na kitabu kimoja, kunakili ndiko kunakobaki, kama ilivyokuwa kwenye shule za misheni.

Maneno mapya yaliingia mwaka 2005, mtaala wa sekondari ulipobadilishwa ili ujenge umahiri. Walimu wa Njombe, kama wenzao nchini, walihudhuria semina na kurudi na msamiati: mbinu shirikishi, bangua bongo, igizo dhima, kazi mradi. Andalio la somo likapata safu ya kazi ya mwalimu na safu ya kazi ya mwanafunzi. Wapo waliozitumia mbinu hizo vizuri: mwalimu wa hesabu anayekata viazi mviringo mbele ya darasa kufundisha sehemu, hasa hapa ambapo kila mtoto amewahi kubeba gunia la viazi, amefanya kazi ya maana. Lakini mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ukafanywa wote kwa maswali ya kuchagua jibu, hata hisabati, ili mashine isahihishe. Mtoto aliyefundishwa kueleza alivyofikia jibu hakuwa na mahali pa kulieleza. Akaweka kivuli kwenye duara.

Kupitia semina hizo pia lilikuja wazo kwamba kuna wanafunzi wa kuona, wa kusikia na wa kutenda, na kila mmoja afundishwe kwa njia yake. Wazo hilo lilipata nguvu baada ya Howard Gardner wa Harvard kuandika juu ya akili nyingi mwaka 1983 na Neil Fleming wa New Zealand kutoa dodoso lake mwaka 1992, ingawa Gardner mwenyewe hakusema hivyo. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, akiwemo Harold Pashler, walipitia tafiti na hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba kumlinganisha mtoto na njia yake kunaongeza kujifunza. Nawaomba walimu wa Mdandu wasijisumbue kuwagawa watoto kwa makundi hayo. Mtoto mmoja anahitaji kuona, kusikia, kushika na kueleza, jambo lile lile kwa njia kadhaa. Tofauti zilizo kubwa kweli darasani ni nyingine: nani ameelewa somo la jana, nani haoni ubaoni, nani anafikiri kwa Kibena wakati mwalimu anasema Kiswahili, nani hajala. Tofauti hizo mwalimu anaweza kuzijua akiwasikiliza, na mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, unaowakutanisha walimu shuleni kwao kujadili masomo magumu, unawapa nafasi ya kusaidiana kuzitafutia dawa.

Mwaka 2024 mitaala mipya ilianza, ikiwemo mkondo wa amali katika sekondari, ambako kijana husoma kilimo, useremala au ufundi mwingine pamoja na masomo ya kawaida. Watu wa Malangali wangeutambua. Tofauti iko kwenye sera: elimu ya lazima inakuwa miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Walioingia darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao wakubwa zao wa mtaala wa zamani watamaliza la saba, na Januari 2028 wote watahitaji nafasi ya kidato cha kwanza kwa pamoja. Ikiwa nafasi zitakuwepo kwa wote, mtihani wa msingi hautakuwa tena na kazi ya kumfungia mtu mlango, na unaweza kutumika kumwonyesha mwalimu wa kidato cha kwanza mtoto amekwama wapi. Jambo hilo halijawahi kutokea Ubena tangu shule ya kwanza ilipofunguliwa. Madarasa, meza na karakana za kulitimiza vinapaswa kujengwa kabla ya Januari hiyo, na halmashauri za Njombe, Makambako na Wanging'ombe zinajua idadi ya watoto hao tangu walipoandikishwa darasa la kwanza.