Fraunhofer na Mistari Myeusi ya Jua

Mtu anunuapo miwani sokoni hujaribu hii na ile mpaka apate inayomfaa. Darubini ya kupimia nyota haipatikani hivyo. Lenzi yake yapasa kukadiriwa kabla ya kusuguliwa, na aliyekifanya kipimo hicho kuwa cha hakika ni Joseph Fraunhofer, mtoto wa fundi wa vioo, aliyezaliwa Straubing, nchi ya Bavaria huko Ujerumani, mwaka 1787.

Alikuwa yatima tangu umri wa miaka 11. Akapelekwa München kujifunza kazi kwa bwana mmoja, ambaye hata shule ya Dominika alimkataza. Mwaka 1801 nyumba ya bwana huyo ilibomoka. Mkewe akafa, kijana akafukuliwa kifusini, yu hai. Mtawala Maximilian Joseph, aliyefika kutazama, akampa sarafu 18 za dhahabu. Wengi wetu tungalinunua nguo! Yeye alinunua mashine ya kukatia vioo, na zilizosalia akajikomboa kwa bwana wake.

Baadaye aliingia katika kiwanda cha Utzschneider, ambacho tanuru yake ilikuwa Benediktbeuern, katika monasteri ya kale ambayo serikali iliwatoa Wabenedikto mwaka 1803. (Tangu 1930 wamo Wasalesiani wa Don Bosco, ndugu za wale waliofika Lubumbashi mwaka 1911.) Hapo Guinand, fundi Mswisi, alikoroga kioo kikiwa bado ujiuji wa moto, kisije kikapoa na mishipa ndani yake, kama asali iliyotiwa majini isikorogwe.

Lakini kioo safi peke yake hakitoshi. Lenzi moja huupasua mwanga kama upinde wa mvua, na nyota huonekana imezungukwa na rangi. Dawa yake ni kuunganisha lenzi mbili za vioo vya namna mbili, moja isahihishe kosa la mwenzake. Basi yafaa kujua kila kioo hupinda kila rangi kwa kiasi gani. Lakini nyekundu yaishia wapi, na ya machungwa yaanzia wapi? Hakuna mpaka!

Fraunhofer aliona katika mwanga wa taa mstari mmoja mwangavu, wa manjano, usiohama mahali pake. Akautafuta katika mwanga wa jua, mwaka 1814, kwa kipande cha kioo cha pembe tatu na darubini ndogo. Kumbe akakuta mistari myeusi isiyohesabika kwa urahisi. Yeye alihesabu zaidi ya 500. Mwingereza Wollaston alikuwa ameona michache mwaka 1802, akaiacha. Fraunhofer aliipa mikubwa majina ya herufi, akaitumia kama alama za fundi juu ya ubao. Sababu yake hakuijua. Kirchhoff na Bunsen waliieleza mwaka 1859.

Kwa alama hizo alitengeneza lenzi ya sentimeta 24 kwa ajili ya Dorpat, leo Tartu katika Estonia, mwaka 1824. Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1826, umri miaka 39. Chombo chake kingine, chenye lenzi iliyokatwa katikati ili kupima pembe ndogo mno, kilifika Königsberg baada ya kifo chake. Kwacho Bessel alipima, mwaka 1838, umbali wa nyota iitwayo 61 Cygni, ambayo mwanga wake husafiri miaka 11 hivi kabla ya kutufikia.