Ugomvi wa .mov na .avi

Wiki hii hosteli nzima kilio ni kimoja: kazi ya kundi inatakiwa Ijumaa, video imerekodiwa na kukatwa kwenye Mac ya mwenzetu, kompyuta ya kumalizia ni ya Windows. Faili halifunguki, au sauti inatoka bila picha. Wengi wanasema limeharibika. Wala! Huo ni ugomvi wa zamani.

Apple walitoa QuickTime Desemba 1991, na mafaili yake ya .mov. Novemba 1992 Microsoft nao wakaja na Video for Windows, wakaleta .avi. Sasa tuelewane hapa: .mov na .avi ni masanduku tu. Ndani kuna picha na sauti zilizobanwa kwa kanuni fulani, yaani kodeki, na kompyuta isiyo na kodeki hiyo haisomi kitu hata ubadilishe jina la faili mara kumi. Wakubwa wakafikishana mahakamani. Desemba 1994 Apple waliishtaki San Francisco Canyon, wakidai kazi yao ya QuickTime imechukuliwa ikaingizwa kwenye Video for Windows, na 1995 wakawaunganisha Microsoft na Intel. Yakaisha 1997, Microsoft wakaweka dola milioni 150 ndani ya Apple. Wao wakapatana, mafaili yakabaki na sisi.

Kwangu mimi shujaa ni Mfaransa Fabrice Bellard, aliyeanzisha FFmpeg mwaka 2000. Ni ya bure, inasoma karibu kila kitu, na programu nyingi za kugeuza video zinaitumia kimyakimya.

Ila kugeuza tu hakutoshi. H.264, iliyotoka 2003, inabana kwa kuhifadhi zaidi mabadiliko kati ya picha na picha. Kwa kutazama ni safi sana. Kwa kukata ni mateso, maana kompyuta inabidi iunde upya picha za jirani kila unaposogea. Ndiyo maana 2007 Apple walileta ProRes, ambayo kila picha inajitegemea. Faili linanenepa vibaya, lakini linakatika kama mkate.

Kwa hiyo watu wa Ijumaa: geuzeni mara moja tu kutoka faili la asili, na la asili msilifute, kwani kila mbano hula ubora kidogo. Halafu flashi ya FAT32 haipokei faili moja la GB 4. Hamisheni vilivyomo, ifomatini kwa exFAT, Mac na Windows zote zitaisoma. Mimi nakimbia, foleni ya kantini imeshafika mlangoni.