Polisi Watatu wa Twickenham na Maziko Yaliyomfungia Mlango Wade Dooley

Mwaka huu wa 2026 inatimia miaka 35 tangu tarehe 16 Machi 1991, siku ambayo timu ya raga ya Uingereza, katika uwanja wa Twickenham pembezoni mwa London, iliishinda Ufaransa kwa pointi 21 kwa 19, na kwa ushindi ule ikawa imewapiga wapinzani wake wote wanne wa msimu. Na katika wale wanane wa mbele, ambao kazi yao ni kusukuma skramu na kuugombania mpira kwa vifua na mabega, watatu walikuwa askari polisi wenye zamu zao na mishahara yao midogo, nao ni Paul Ackford, inspekta wa polisi ya London, Wade Dooley, konstebo wa Lancashire, na Dean Richards, konstebo wa Leicestershire. Msomaji wa Goma, ambaye polisi humjua aghalabu kwa filimbi yake katika njia panda zetu, yafaa asikilize habari yao, kwa kuwa ndani yake limo jambo la insafu ambalo halijanitoka moyoni tangu nilipoanza kuifuatilia.

Zama zile mchezaji wa raga ya vyama (rugby union) hakulipwa ujira. Jumamosi alivaa jezi ya taifa mbele ya makumi ya maelfu ya watu, na Jumatatu akarudi kazini, ikiwa mwili wake ulimruhusu. Walimu, wakulima, matabibu na wanasheria waliishi hivyo hivyo, lakini polisi walikuwa na fursa yao ya pekee, maana kazi yenyewe ilipenda watu warefu wenye siha, na mkuu wa kituo mwenye ghera ya michezo aliweza kumbadilishia askari wake zamu ili apate kusafiri. Italia ilikwenda mbali zaidi: mwaka 1955 polisi ya dola iliunda timu yake yenyewe mjini Padova, Fiamme Oro, nayo ikatwaa ubingwa wa nchi mara nne mfululizo, tangu 1958 hata 1961. Na jirani zetu wa Kenya, ingawa si katika raga, wanaijua desturi hiyo vyema, kwani Ezekiel Kemboi, bingwa wa mbio za kuruka viunzi na maji, na Julius Yego, mrusha mkuki, wote wawili ni watu wa polisi.

Dooley alizaliwa Warrington mwaka 1957, na mchezo huu aliuanza akiwa mtu mzima, baada ya kuingia polisi. Urefu wake ulipita mita mbili, na watu wa kwao wakampa lakabu ya Mnara wa Blackpool, kwa jina la ule mnara wa chuma ulioko katika pwani ya Lancashire. Akichezea klabu ya Preston Grasshoppers, ambayo haikuwa katika vilabu vyenye jaha, aliitwa timu ya taifa Januari 1985 dhidi ya Rumania, na hadi anaacha alikuwa ameichezea mara 55. Richards aliingia mwaka 1986. Ackford alingoja hata akafika miaka 30. Mwaka 1989 wote watatu walikwenda Australia na Lions, kile kikosi cha pamoja cha Uingereza, Uskoti, Wales na Ireland. Jaribio la kwanza, yaani mechi kubwa ya kwanza dhidi ya timu ya taifa la wenyeji, lilipotea bila Dooley, akaingizwa katika la pili, na Lions wakashinda yote mawili yaliyobaki, hivyo mfululizo ukawa wao.

Sisemi kwamba walikuwa mawalii. Mwaka 1987 huko Cardiff, katika mechi iliyogeuka kuwa vita vya ngumi, Dooley alimvunja Phil Davies wa Wales mfupa wa shavu, na chama chake kikamweka nje ya mechi iliyofuata pamoja na wenzake watatu, nahodha akiwa mmoja wao. Mwaka uliofuata Richards na John Jeffrey wa Uskoti walilitoa Kombe la Calcutta, linalogombewa na nchi zao mbili, katika karamu, wakalizungusha usiku katika barabara ya Princes Street mjini Edinburgh hata likarudi limebonyea, nalo ni kombe lililotengenezwa kwa rupia za fedha zilizoyeyushwa. Mskoti akafungiwa miezi kadhaa na Mwingereza mechi moja. Naye Ackford, Novemba 1990, aliangushwa kwa konde moja la Federico Méndez wa Ajentina, kijana wa miaka 18.

Lakini habari kubwa ni ile ya 1993, nami naisimulia nikifuata kauli ya wachezaji na viongozi waliokuwa safarini, si ya wazee waliobaki katika majilisi zao.

Mwaka ule Lions walikwenda New Zealand, meneja akiwa Geoff Cooke, mwalimu Ian McGeechan, na nahodha Gavin Hastings wa Uskoti. Dooley alikuwa na miaka 35, na ziara hii ndiyo ilikuwa iwe ya kumfungia kazi. Kabla ya jaribio la kwanza kuchezwa ikamfikia habari kwamba baba yake amefariki dunia. Akaondoka mara moja kwenda kuzika, kama apasavyo kufanya mtoto yeyote mwenye muruwa, na wenzake wakamsindikiza kwa rambirambi. Mahali pake akaitwa kijana mmoja kutoka Kanada, ambako Waingereza wengine walikuwa ziarani, jina lake Martin Johnson.

Maziko yakapita. Chama cha raga cha New Zealand, yaani wenyeji, yaani wale wale waliokuwa mahasimu wake uwanjani, kikamkaribisha arudi amalize ziara yake. Cooke akaridhia kwa furaha, na wachezaji walimtaka. Ndipo ikasimama kamati ya vyama vinne vya raga vya nchi za Lions, iliyokuwa na amri juu ya ziara, ikasema kwamba mapatano ya safari yanaruhusu wachezaji 30 tu, na kwa kuwa Johnson amekwisha kuingizwa katika hesabu, Dooley hana tena nafasi. Akitaka na aje kama mgeni, akae jukwaani atazame, lakini jezi asiivae. Dooley akakataa kurudi kwa sharti hilo, na hakuichezea tena nchi yake.

Mtu aliyewapa watu wale miaka minane ya mwili wake bila ujira, na ambaye kwa ajili ya mechi zao alikuwa akiomba ruhusa kwa wakuu wake wa polisi mara kwa mara, aliomba kwao ruhusa moja tu ya kwenda kumzika mzazi, na ruhusa hiyo ikageuzwa kuwa kufukuzwa. Najua hoja ya kanuni: kanuni ikivunjwa kwa mmoja itavunjwa kwa wengi, na New Zealand wangeweza kesho kudai nao hisani ya namna hiyo. Walakini wenye haki ya kulalamika walikuwa hao hao New Zealand, nao ndio waliofungua mlango. Katika miji yetu ya Kivu, ambako matanga huwakutanisha hata majirani waliokosana, sidhani kuna mzee angekaa barazani akatoa hukumu kama ile na watu wakamwitikia.

Lions walipoteza jaribio la kwanza kwa 20 kwa 18, wakashinda la pili, wakapoteza la tatu. Johnson alicheza mawili ya mwisho, na miaka kumi baadaye akaiongoza Uingereza kutwaa Kombe la Dunia. Yeye hana lawama yoyote katika jambo hili.

Mlolongo wa polisi haukukatika papo hapo, maana Martin Bayfield wa polisi ya Bedfordshire, mrefu kuliko hata Dooley, alikuwa amekwisha kuirithi nafasi ya Ackford. Lakini Agosti 1995 wakuu wa raga wa dunia walikutana Paris wakaruhusu malipo, na tangu hapo askari mwenye kipaji imembidi achague moja, zamu au skramu. Wanawake waliendelea na hali ya zamani kwa muda mrefu zaidi: Fiao'o Faamausili, mpelelezi wa polisi wa Auckland, alitwaa Kombe la Dunia mara nne na New Zealand, la mwisho mwaka 2017 mjini Belfast akiwa nahodha, walipoishinda Uingereza 41 kwa 32.

Kwetu Afrika Mashariki, Lions waliwahi kupita Nairobi Septemba 1955 wakitoka Afrika Kusini, wakaifunga timu ya Afrika Mashariki 39 kwa 12. Hata leo husimuliwa kwamba Idi Amin, aliyekuja kuwa rais wa Uganda na wakati huo askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, aliyekuwa akicheza raga, alikaa siku ile miongoni mwa wachezaji wa akiba. Riwaya hiyo haina nguvu, kwa sababu kanuni za wakati huo hazikumjua mchezaji wa akiba hata kidogo, wala hazikumjua hadi 1968.

Hapa Goma raga ni mgeni. Nchi ina timu yake, Leopards, lakini mji huu ni wa kandanda, wa DC Virunga na Stade de l'Unité, na watoto wetu huchezea juu ya changarawe nyeusi ya volkano ya Nyiragongo, ambayo mtu hatamani kuangushwa juu yake. Mwaka 2002 lava ilifunika sehemu ya mji, mwaka 2021 ikashuka tena, na tangu mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, hata sare ya polisi imebadilika maana machoni pa wakazi. Naona ni hasara kubwa kwamba vijana wanaokua sasa hawajapata kumwona mtu wa dola akikimbia pamoja nao kwa kaptura, akiangushwa na mtoto wa fundi viatu na kuinuliwa naye. Siku amri yoyote itakayokuwa hapa itakapopanga upya polisi ya mji huu, mara tu baada ya kulipa mishahara kwa wakati, na itenge kiwanja chenye nyasi karibu na kambi, kilicho wazi kwa raia, na iandike katika kanuni za kazi kwamba askari anayelichezea jimbo au taifa hapotezi zamu yake wala mshahara wake, wala nafasi yake katika timu akienda kuzika.