Mfupa wa Kivu na Jumapili za Brussels

Mzazi wa Brussels anayetaka kuwatoa watoto Jumapili haumizi kichwa. Akitaka msitu na wanyama waliokaushwa, atapanda tramu namba 44 mpaka Tervuren, kwenye jumba la makumbusho ya Afrika. Akitaka kupanda juu, iko Atomium, ile mipira tisa ya chuma yenye kimo cha mita 102. Na kama watoto wako katika umri wa kuota dinosaria, atawapeleka mtaa wa Vautier, kwenye makumbusho ya sayansi ya asili. Ndugu zetu wa Kirotshe, kando ya Ziwa Kivu, waliohamia mtaa wa Matonge jijini Brussels nao huwapeleka wanao huko. Sehemu zote tatu zina historia inayofika Kongo, na ya tatu imetunza kitu cha mkoa wetu wenyewe.

Tervuren ilianza vibaya. Mwaka 1897 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliandaa maonyesho ya kuwavutia Wabelgiji waione Kongo kuwa mali yenye faida. Wakongo 267 walivushwa bahari, wakawekwa mchana katika vijiji vya kuigiza kando ya bwawa, na zaidi ya watu milioni moja wakapita kuwatazama. Saba walikufa huko: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Sambo na Mibange. Wamezikwa kando ya kanisa la Tervuren. Jumba kubwa linaloonekana leo lilifunguliwa 1910, Leopold akiwa amekwisha kufa. Lilifungwa 2013 ili lisafishwe, ukuta na maelezo pia, likafunguliwa tena Desemba 2018.

Atomium nayo ilijengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya 1958. Chini yake kulikuwa tena na kijiji cha Wakongo, mafundi wa kazi za mikono, na watazamaji waliwatupia maneno na hata ndizi. Mafundi wale walikataa kuendelea, wakarudi nyumbani kabla maonyesho hayajaisha. Miaka miwili baadaye nchi ikapata uhuru.

Twende sasa mtaa wa Vautier. Wengi huishia kwa iguanodoni za Bernissart, mifupa iliyogunduliwa na wachimba makaa ya mawe mwaka 1878, zaidi ya mita 300 chini ya ardhi. Sawa, ni mikubwa na inatisha. Lakini mtu wa Kivu Kaskazini angeomba aonyeshwe kitu kidogo zaidi: mfupa wa kahawia iliyokolea, urefu wa sentimita kama 10, wenye kipande cha jiwe la kwatzi kilichopachikwa nchani. Aliuokota mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin mwaka 1950 pale Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi.

Ubavuni una chanjo zilizopangwa safu tatu. Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19, namba tasa zote kati ya 10 na 20. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Jumlisha kila moja, utapata 60. Ya tatu inafika 48, nayo inaanza na 3 na 6, ikafuata 4 na 8, kisha 10 na 5. De Heinzelin aliona hapo mchezo wa hesabu. Mtafiti Alexander Marshack akasema ni kalenda ya mwezi. Wapo wanaosema ni mikwaruzo tu ya kuzuia mpini usiteleze mkononi. Kwangu mimi, habari ya namba tasa huenda ni bahati, ila kule kuzidisha kwa mbili ni kugumu kukupuuza.

Waliouchanja walikuwa wavuvi. Vyusa vya mfupa vyenye meno vilipatikana hapo hapo. Wavuvi wa Kirotshe wasidhani uvuvi wao wa sambaza una umri huo: samaki hao wadogo waliletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, tena na Wabelgiji.

Februari 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi Kongo orodha ya vitu kama 84,000 vilivyomo Tervuren, na Juni Mfalme Philippe akaleta Kinshasa kinyago kikubwa cha Wasuku, Kakuungu, kwa mkopo wa muda mrefu. Makumbusho ya Taifa, yaliyojengwa kwa fedha za Korea Kusini na kufunguliwa 2019, yako Kinshasa pia, na kutoka Kirotshe kwenda huko hakuna barabara ya kutegemea. Wakati mabishano ya kurudisha yanaendelea, mfupa wa Ishango unaweza kuchongwa nakala hapa hapa: picha na hesabu za chanjo zilichapishwa tangu 1962, na fundi wa mbao wa Goma hahitaji zaidi ya hapo. Mwalimu wa hesabu wa Kirotshe angeupitisha mkono kwa mkono darasani, wanafunzi wakahesabu wenyewe kama kweli safu mbili zinafika 60.