Breki Zinazong'ang'ania: Habari za Lori la Kijeshi la Marekani

Watu wengi hudhani ya kuwa ubaya wa breki ni kutoshika tu. Walakini uko ubaya wa pili, usiotajwa sana, nao ni breki kushika zisiachie. Dereva huondoa mguu kwenye pedali asipate nafuu. Lori huenda kwa kujivuta, na ngoma za magurudumu huwaka moto. Ubaya huu huwasumbua wenye malori ya kijeshi ya Marekani ya aina ya M35, ambayo jeshi lilipoyauza yaliingia mikononi mwa wakulima, vikosi vya zimamoto na watu wapendao vyombo vya kale. Ili kuufahamu yapasa kuanza na historia, kwani breki za lori hili ni ndoa ya mifumo miwili iliyozaliwa mbalimbali.

Mfumo wa kwanza ni wa upepo, nao ulizaliwa katika reli. Mwaka 1869 George Westinghouse alipata hataza ya breki za gari moshi zilizofungwa kwa nguvu ya upepo uliobanwa. Kasoro yake ilikuwa moja: bomba likipasuka, upepo ulitoroka na breki zikafa. Mwaka 1872 akaligeuza shauri lote. Upepo uliojaa bombani ukawa wa kuziachia breki, na kupungua kwake ndiko kulikozifunga, hata bomba lililopasuka likasimamisha gari lenyewe. Basi swali kubwa la kila breki liliulizwa mapema: nguvu isaidiayo ikitoweka, itakuwaje?

Mfumo wa pili ni wa mafuta. Katika karne ya 17 Blaise Pascal wa Ufaransa alieleza ya kuwa kioevu kilichofungiwa, kikibanwa mahali pamoja, hupeleka mbano huo kila upande. Mwaka 1921 kampuni ya Duesenberg ilitoa motokaa yenye breki za mafuta katika magurudumu yote manne. Mafuta yaliyagawia magurudumu nguvu kwa usawa. Lakini asili ya nguvu hiyo ilikuwa mguu wa mtu, na lori zito humshinda mtu.

Vita Kuu ya Pili ilionyesha jambo hilo wazi. Jeshi la Marekani lilitegemea lori la GMC la tani mbili na nusu, na zaidi ya 500,000 yaliundwa. Kati ya Agosti na Novemba 1944 malori ya namna hiyo yalipeleka mizigo usiku na mchana katika Ufaransa, kwa msafara ulioitwa Red Ball Express, ambao wengi wa madereva wake walikuwa Wamarekani weusi. Aghalabu yalipakiwa kupita kiasi chake na kuendeshwa kupita mwendo wake.

Lori lililofuata ni M35, lililobuniwa na kampuni ya REO ya Lansing, Michigan, na kuingia jeshini mwanzoni mwa miaka ya 1950. Hapo upepo na mafuta vilioana. Kompresa inayoendeshwa na injini hujaza matangi upepo. Dereva akikanyaga pedali, silinda kuu hupeleka mafuta katika kifaa kilichofungwa kwenye chasisi; mafuta hayo hufungua vali, upepo huingia na kusukuma pistoni kubwa, nayo huyasukuma mafuta hadi magurudumuni kwa nguvu iliyozidishwa. Upepo ukiisha breki hubaki, ila pedali huwa ngumu sana. Upepo humo ni msaidizi, si bwana.

Sasa twaweza kuusema ubaya wenyewe. Breki huachia pale tu kila kilichokwenda kinaporudi: mafuta yarejee, upepo utoke, springi zivute viatu vya breki. Fundi asijiulize ni gurudumu gani lenye moto, bali ni kitu gani hakikurudi.

Likishika gurudumu moja, kosa huwa karibu: pistoni iliyoliwa na kutu, au springi iliyochoka. Yakishika magurudumu yote ya ekseli moja ya nyuma, utazamwe mpira upelekao mafuta kwenye ekseli hiyo. Mpira wa miaka mingi huvimba kwa ndani. Nguvu ya mguu na upepo huyapitisha mafuta, lakini springi haziwezi kuyarudisha. Kwa nje hauna dosari yoyote.

Yakishika yote, fundi ayakinge magurudumu kwa magogo, kisha autoe upepo wote matangini. Breki zikiachia, mwenye hatia ni vali ya upepo. Zisipoachia, alegeze nati ya bomba litokalo silinda kuu: mafuta yakiruka na magurudumu yakawa huru, kosa liko nyuma ya nati hiyo. Yasipokuwa huru, alegeze ile iliyo mbele ya kifaa cha upepo. Yakiachia hapo, pistoni ya kifaa ndiyo iliyokwama.

Silinda kuu ina kitundu kidogo cha kurudishia mafuta. Fimbo ya pedali ikirefushwa mno, pistoni hairudi hadi mwisho, na kitundu hubaki kimezibwa. Mafuta yakipata joto hutanuka, hayana pa kwenda, na breki hujikaza zenyewe kadiri safari inavyoendelea. Lori likipoa huachia, na fundi asiyejua hulikuta zima.

Adui mwingine ni maji. Mafuta ya breki ya zamani hunyonya unyevu wa hewani, na lori lililosimama miaka bohari huota kutu ndani ya silinda. Kwa sababu hiyo jeshi la Marekani lilihamia mafuta ya silikoni katika miaka ya 1980.

Hatari ya mwisho ndiyo kubwa. Breki inayong'ang'ania huchemsha mafuta. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Pedali hudidimia hadi sakafuni. Tangu 1968 sheria ya Marekani ilizitaka motokaa ndogo ziwe na njia mbili za mafuta, moja ikifa nyingine ibaki. Lakini lori la M35A2 lilikuwa na njia moja tu kwa magurudumu yote. Katika Vietnam, mwaka 1967, baada ya misafara kuviziwa kwenye Barabara ya 19, askari waliyavika baadhi ya malori haya mabamba ya chuma na bunduki, uzito ukazidi, na barabara yenyewe hupita katika milima. Katika mteremko wa namna hiyo, breki iliyokataa kuachia asubuhi ndiyo ile ile iwezayo kukataa kushika mchana.